Siku za Jumapili Mama Hucheza Tenisi

Dada yangu Betty alipoleta habari kwamba Olweny wa Nagongera anataka kuja na watu wake kumposa, Mama hakuuliza habari za ng'ombe. Aliuliza, "Mama yake anaongea nini?"

"Kidhopadhola," Betty akasema.

"Na mimi naongea nini?"

"Kiteso."

"Basi wewe unakwenda kuolewa na mabubu."

Mimi nilikuwa mlangoni namenya muhogo, nikaingilia. Jina langu Ecodu, mdogo wake Betty, na kuingilia ndiyo kazi pekee niliyoipata tangu nimalize Senior Four. Nikamwambia Mama kwamba shida hiyo ilishapata dawa kabla hata mimi sijazaliwa: kuna Kiswahili. Mama mwenyewe anauza vitunguu sokoni Busia, anavuka mpaka kama mtu anayevuka uwanja wake, na Kiswahili anacho cha kumtoa mteja machozi kabla kitunguu hakijakatwa.

Mama akanitazama kana kwamba nimetoa panya mfukoni.

"Kiswahili ni cha vitunguu," akasema. "Na cha askari. Sisi tukiwa wadogo, ukisikia Kiswahili njiani unaficha kuku kwanza, halafu unajificha wewe. Sasa unataka nipokee wakwe na lugha ya kuficha kuku?"

Kisha akaacha mzaha. Alisema hatamtoa Betty aende kukaa katika nyumba ya watu kama kuku aliyenunuliwa, amefungwa miguu, anasikiliza wengine wakiongea juu ya kichwa chake. Kabla hajasema ndiyo, alitaka akae na huyo mama wa Nagongera, wawili tu, amsikie kwa masikio yake mwenyewe anaishi vipi na watu wa kwake. Na alitaka iwe kwa lugha ya heshima, yaani Kiingereza.

"Nikishindwa kuongea na yeye siku hiyo, Betty haendi."

Mtu asiyemjua Mama angedhani hicho ni kitisho. Sisi tunaomjua tulijua ni ratiba.

Betty, ambaye kwa kawaida hunisemesha tu akitaka nitoke kwenye kiti, akanifuata nyuma ya nyumba. "Ecodu, tafadhali. Fanya kitu." Yeye alikuwa anarudi Tororo kwenye kliniki anakofanya kazi. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na safari hii hakukuwa na vitunguu karibu.

Nikajitolea kumfundisha Mama mwenyewe. Mama akakataa. Alisema mtoto ambaye yeye ndiye alimfundisha kutumia choo hawezi kumfundisha yeye kusalimia.

Basi nikampeleka kwa Jovan.

Jovan nilikaa naye dawati moja. Mtihani wa mwisho alipata alama nzuri ya Kiingereza, na tangu siku hiyo akiongea lugha nyingine anakunja uso kama ana jino bovu. Anauza kava za simu chini ya mwavuli kwenye barabara inayokwenda mpakani, na katikati ya chaja na visikizio ametundika kibao: ENGLISH FOR BEGINNERS. Wanafunzi wake ni bodaboda, wabadilisha fedha na akina mama wa sokoni. Ana kitabu kimoja tu, hakina jalada, na panya walishakula kurasa zote baada ya sura ya present simple. Kwa hiyo wanafunzi wa Jovan hawana jana wala hawana kesho. Wana kila siku tu.

"Mama," Jovan alianza, kalamu nyuma ya sikio, "hii present simple ni ya mambo unayafanyanga siku zote. Si leo tu. Siku zote."

"Kama vile naendanga sokoni?"

"Hiyo hiyo."

"Kumbe nilikuwa nayo," Mama akaniambia mimi, "na wewe umenileta hapa kuninunulia."

Lakini alikaa. Jovan akampa sentensi za kitabu, moja baada ya nyingine, na Mama akazirudia kwa sauti ile anayoitia wateja, mpaka mwuza magodoro wa ng'ambo ya barabara akajua kusema anaishi katika nyumba kubwa. Shida ilikuja walipofika kwenye Jumapili.

"On Sundays I play tennis," Jovan akasoma.

Mama akataka kujua maana yake. Akaelezwa.

"Mimi Jumapili naendanga kanisani."

"Kitabu kinasema tenisi, Mama."

"Kitabu kinanijua?"

Jovan akajifuta jasho. "Mama, huu ni mfano. Watu wa heshima, Jumapili wanacheza tenisi. Ukisema hivyo, mtu anajua ameketi na mtu."

Hilo neno heshima lilifanya kazi yake. Mama akaimeza tenisi, mpira na wavu wake.

Halafu ilikuja herufi S. Jovan alieleza kwamba ukimsema mtu mwingine, mmoja, asiyekuwepo, kitendo chake unakiongezea S kidogo mwishoni. Mama alielewa upesi kuliko sote. Sokoni mteja akishanunua, unamtupia kitunguu kimoja juu, nyongeza, ili arudi kesho. Na Mama si mtu wa kubana nyongeza. Tangu siku hiyo aliwapa S watu wote, waliopo na wasiokuwepo, na zikibaki akawapa mbuzi.

Nyumbani Buteba mambo yakageuka. Alfajiri nilikuwa naamshwa na sauti inayowaambia kuku "I brushes my teeth." Jirani yetu akaja kuuliza kwa upole kama Mama ameokoka upya na sasa ananena kwa lugha. Nikamwambia ndiyo, lakini bado roho iko sura ya kwanza.

Siku ya wakwe ikafika. Tulifunga turubai uwanjani, tukaazima viti kanisani, na chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kikawekwa pembeni na mirija yake mirefu kikisubiri neno la mwisho. Jovan alialikwa kama mwalimu. Alikuja na tai. Akaketishwa mbele, karibu na soda.

Wageni wa Nagongera waliposhuka kwenye gari, nilimwona Jovan akiinua kiti chake na kukihamishia nyuma ya bwana mmoja mnene.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Jua," akasema. Tulikuwa chini ya turubai.

Sikumfuatilia, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumpangia Olweny mahali. Kwetu Wateso, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani na hawakaribiani. Mmoja akija huku, mwingine anakwenda kule. Ni heshima, na pia ni mazoezi ya mwili. Wapadhola, watu wa Olweny, nao wana desturi kama hiyo, kwa hiyo Olweny alijua mchezo. Tulimweka ukingoni kabisa, uso umeelekea ghala la mtama, kijana wa watu na suti yake, anaposwa na ghala.

Wazee walimaliza mambo yao haraka, kwa Kiswahili, wakicheka na kugongana mabega. Mama aliwasikiliza kwa uso wa mtu ambaye kuku wake wanahesabiwa. Mjomba wetu Rasto, msemaji wa upande wetu, hatimaye akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba mama wa binti sasa atamsalimia mama mwenzake, na kwamba atafanya hivyo kwa Kiingereza.

Simu zikatolewa kupiga picha. Dirishani nikaona pazia likisogea, nikajua Betty yuko nyuma yake, na nikajua pia hapumui.

Mama akasimama na gomesi yake ya njano, gauni letu la sherehe, mabega yamechongoka kama mlima. Ng'ambo yake alikuwa ameketi mama wa Olweny, anayeitwa Abbo, mwanamke mwembamba, mnyoofu, gomesi ya zambarau, mikono juu ya magoti.

"Good afternoon," Mama akasema. "My name is Acom. I lives in a big house. I wakes up early in the morning. I brushes my teeth. I have a dog. The dog's name is Rex. My husband drives to the office. On Sundays I plays tennis."

Akaketi. Makofi yalilia mpaka mbuzi wakajibu. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, ingawa nyumba yetu ni vyumba viwili, mbwa hatujawahi kuwa naye, na marehemu Baba kitu pekee alichowahi kuendesha ni jozi ya maksai.

Mjomba Rasto akaniinamia. "Hiyo tenisi ni nini?"

"Ni kitu cha Jumapili."

"Ah. Ya kanisa," akasema, akawatafsiria wazee kwamba dada yake yuko kwenye kamati.

Ndipo Abbo akainuka. Alinyoosha gomesi yake, akatazama juu kidogo, pale watu wanapotazama wakitafuta kitu walichokariri.

"Good afternoon," akasema. "My name is Abbo. I live in a big house."

Watu wakaitikia kwa vichwa, wamefurahi. Nyumba kubwa huku, nyumba kubwa kule, watoto hawatanyeshewa.

"I wake up early in the morning. I brush my teeth."

Mama akainua kichwa.

"I have a dog. The dog's name is Rex."

Nikageuka kumtafuta Jovan. Nilichokiona ni tai tu, imejitokeza nyuma ya bwana mnene.

"My husband drives to the office," Abbo akaendelea, na mume wake, mzee asiye na gari wala ofisi, akatabasamu akisikia sauti ya mkewe. "On Sundays I play tennis."

Kutoka nyuma ya pazia ilikuja sauti kama ya mtu aliyekalia paka.

Niseme ukweli, hapo mimi nilitaka kucheka. Lakini nilimtazama Mama na kicheko kikarudi kilikotoka. Kwetu mtu akirudia maneno yako mbele yako, neno kwa neno, maana yake ni moja tu. Watoto wanafanya hivyo kabla ya kupigana. Na Mama alikuwa amefanyiwa hivyo kwake, mbele ya ukoo wake, na mgeni aliyekuja kuchukua binti yake.

Mama akasimama na kuanza kutembea kumwendea Abbo.

Hapo desturi ikaingia kazini. Njia ya kwenda kwa Abbo ilipita ubavuni mwa Olweny. Olweny alisikia gomesi ikija, akaruka kutoka kwenye kiti na kuzunguka ghala. Mama, ili amwepuke, naye akazunguka ghala kwa upande mwingine. Wakakaribia kugongana uso kwa uso, jambo ambalo lingehitaji mbuzi wa kutakasa. Olweny akaona mlango mmoja tu uko wazi, akaingia zizini kwa mbuzi na kuufunga nyuma yake. Shangazi zake, ambao hawakuona chochote ila bwana harusi anakimbia, wakaamini amekataa mke. Wawili walishachukua mikoba yao.

Mama akamfikia Abbo. Akatafuta Kiingereza. Nilimwona akipekua sura nzima ya kitabu kichwani, nyumba, meno, mbwa, na hakuna mahali ambapo mtu anamgombeza mwenzake.

"You," akasema. "You plays my tennis."

Abbo akapepesa macho. Hakuelewa. Wakabaki wametazamana hivyo, na mimi nikamwona Betty amefungua mlango, amesimama kizingitini na nguo zake za kuposwa, amekwisha jua kwamba haendi.

Halafu uvumilivu wa Mama ukakatika, na ulipokatika, kilichotoka ni soko.

"Wewe mama, umetoka kwako Nagongera kuja kunicheka hapa kwangu? Maneno yangu yote umebeba. Umebeba nyumba, umebeba meno. Hata mbwa hukuniachia."

Abbo hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande kama mtu anayesikia redio ya mbali.

"Ngoja kwanza," akasema, kwa Kiswahili. "Hiyo sauti najua. Si wewe ule mama anauzanga vitunguu mbele ya duka la magodoro?"

"Na kama ni mimi?"

"Siku moja nakwambia punguza, wewe naniambia kama nataka ya bure niende nilime."

Mama akamsogelea, akamkagua kuanzia kilemba. "Wewe ni ule wa simsim. Ule alipekua gunia yangu mpaka chini."

"Chini vilikuwa vimeoza."

"Havikuoza. Vilikuwa vimelala."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake wa Nagongera, na mmoja wa shangazi akarudisha mkoba chini. Lakini Mama hakuwa amemaliza.

"Hayo maneno ya mbwa ulitoa wapi?"

"Nalipa mwalimu," Abbo akasema. "Kijana wangu naniambia mama wa Betty hataki Kiswahili, anataka Kiingereza. Sasa nikija na simsim yangu Busia, napitia kwa mwalimu. Yule wa mwavuli. Anauzanga kava za simu."

Vichwa vya wale mama wawili viligeuka pamoja. Bwana mnene, ambaye ni mtu mwema lakini hapendi matatizo, akasogea na kiti chake, na Jovan akabaki wazi kama jino.

"Ladies and gentlemen," Jovan akaanza, akiinuka.

"Kaa," Mama akasema.

"Kaa," Abbo akasema.

Akakaa.

"Huyu mbwa ni wa nani?" Mama akamwuliza.

"Ni wa kitabu, Mama."

"Na hiyo tenisi?"

Jovan akatazama soda yake. "Na yenyewe ni ya kitabu."

Watu wote wakaangua kicheko, hata Mjomba Rasto, ingawa yeye nadhani alikuwa bado kwenye kamati. Mimi nilidhani basi, yamekwisha, nikaanza kuelekea kwenye chungu cha ajon. Mama akaninyooshea kidole bila kunitazama, nikarudi nilikokuwa. Betty alikuwa bado kizingitini. Neno la Mama lilikuwa bado halijatoka.

Mama akavuta kiti, akakaa karibu na Abbo, magoti yakikaribia kugusana. Akashusha sauti, lakini Mama hana sauti ya chini, tulisikia wote.

"Sasa niambie ya kweli. Kwako mnaamkanga vipi?"

"Ng'ombe wakilia, tunaamka."

"Nani anapikanga chai?"

"Anayeamka kwanza. Mara nyingi ni mimi. Usingizi wa uzee ni mfupi."

"Mke wa kijana wako hapikii wewe?"

"Akiamka kwanza, anapika. Nitamwamsha aje anipikie chai na mimi nimesimama hapo kwa moto?"

Mama akauliza lile alilokuwa amebeba tangu mwanzo. "Mtoto wangu hajui Kidhopadhola. Mkikaa jioni mkiongea, yeye anakaanga na nani?"

Abbo akatazama mikono yake.

"Niko na mkwe mwingine, mke wa kijana wangu mkubwa," akasema. "Msamia, ametoka Lumino. Alikuja hajui hata kusema maji. Jioni ya kwanza namwona amekaa jikoni, analia na moshi, na moto ulikuwa haujawashwa. Nikawaambia watu wa nyumba, huyu akiwa ndani, tunaongea Kiswahili. Mzee akakataa. Nikamwambia sawa, basi chakula pia nitaipika na Kidhopadhola, akijua kuiomba atakula. Tukaongea Kiswahili. Sasa huyo Msamia anatukananga kuku na Kidhopadhola, mpaka mimi mwenyewe nakwenda kuuliza majirani hilo neno ni nini."

Mama akacheka. Alicheka kwanza na mabega, halafu gomesi yote.

"Na Jumapili?" akauliza, akijifuta macho.

"Jumapili naendanga kanisa. Nikirudi, nalalanga mpaka jioni."

"Hata mimi nalalanga," Mama akasema.

Akainuka. Akamtafuta Mjomba Rasto kwa macho. "Rasto, waambie ndiyo."

"Kwa Kiingereza?"

"Waambie na hii ya kuficha kuku. Wasikie wote."

Mjomba akaitangaza, vigelegele vikapaa, na Betty akakalia kizingiti na gomesi yake mpya bila kujali vumbi. Alinitazama na kunionyesha kiti changu kilichokuwa wazi, maana yake naruhusiwa kukikalia. Kwa Betty hiyo ni hotuba ndefu ya shukrani.

Chungu kikavutwa katikati, na Mama na Abbo wakapewa mirija. Walikuwa wameshaanza kunyonya na kubishana upya juu ya vile vitunguu, Abbo akakumbuka kitu.

"Mama Betty, kijana wangu bado yuko na mbuzi."

Mama hakugeuka. Alihamisha kiti chake, akaelekeza uso kule mbali unakoonekana Mwamba wa Tororo, akautazama kwa makini kana kwamba anaupima bei. "Mimi naangalia mlima," akasema kwa sauti. "Mtu wa mbuzi anaweza kupita."

Olweny akatoka zizini na majani kwenye kola, akapita nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake kwa kunyata, na watu wakampigia makofi kuliko waliyompigia mtu yeyote siku hiyo.

Jovan alisamehewa kwa sharti. Ukipita leo chini ya mwavuli wake utasikia wanafunzi wakikariri sentensi mpya, "I sell onions. I sell simsim. On Sundays I go to church and then I sleep." Juzi bodaboda mmoja alizuiwa mpakani akaulizwa kazi yake, akajitetea kwamba anauza vitunguu, na pikipiki yenye abiria wawili iko chini yake.

Betty yuko Nagongera. Anasema amejifunza matusi ya kuku kabla ya salamu, mwalimu wake ni yule Msamia wa Lumino. Mama na Abbo wanapigiana simu kila jioni, kwa Kiswahili, mpaka simu inapata joto. Wanamaliza bei zote za Busia, wanamaliza ng'ombe, wanamaliza watoto. Halafu kabla hajakata, Mama huuliza, "Na Rex?"

Sisikii anachojibiwa. Namsikia tu Mama akisema, kwa uso wa mtu mzima kabisa, "Huku pia anakulanga vizuri. Jana ametushinda tenisi."